Mamba wa Chuma na Viungo Vyake Vilivyopotea

Wengi wetu tuliokulia karibu na reli twaijua sauti ya gari moshi tangu utoto. Lakini wako watu, hasa huko Ulaya, wanaoweka gari moshi zima juu ya meza ya nyumbani: reli, mabehewa na kichwa cha kuyavuta, vyote vimeundwa kwa kipimo kidogo. Zamani vilitengenezwa viwe vichezeo vya watoto. Leo vile vya kale hutunzwa na watu wazima, na vingine huuzwa kwa fedha nyingi.

Basi, yaweza kutokea hivi. Mzee amefariki, na mjane wake anafungua sanduku na kukuta kichwa cha gari moshi. Hajui kama ni kizima au kimepungukiwa. Mnunuzi mjanja atamwambia, « Mama, hiki ni kibovu », naye atakichukua kwa bei ya mkate. Kesho yake atamwuzia kijana kitu kile kile kana kwamba hakikukosa hata parafujo moja. Mjane amedhulumiwa, na kijana amedhulumiwa. Kinga yao ni moja: kujua kuhesabu viungo.

Tutoe mfano. Katika nchi ya Uswisi, mashine za umeme zilizopewa jina la Mamba zilianza kuundwa mwaka 1919, ili zivute mizigo katika njia ya milima ya Gotthard. Zilikuwa na pua ndefu mbele na nyuma, na chumba cha dereva katikati. Tena mwili wake uliweza kupinda kwenye kona. Urefu wake ulipita mita 19. Kampuni ya Märklin, ya mji wa Göppingen huko Ujerumani, iliyoanzishwa mwaka 1859, ilimtoa Mamba mdogo katika miaka iliyofuata vita kuu ya pili, kwa kipimo cha 1 kwa 87. Hivyo mita 19 zimekuwa sentimita 22 hivi.

Ukimpata Mamba wa namna hiyo, mweke juu ya kitambaa cheupe, ili kitakachoanguka kionekane. Anzia juu. Juu ya paa mna mikono miwili ya kupokea umeme kutoka kwenye waya, nayo yapaswa kuinuka na kukunjika bila kukwama. Mkono uliopotea si pambo lililopotea tu, bali ni kazi iliyopotea. Kisha shuka ubavuni. Jina la mashine ya kweli, Ce 6/8, ladokeza hesabu: ekseli 8, na katika hizo 6 huendeshwa na mota. Basi yawepo magurudumu 16, na vyuma virefu vya kuyaunganisha viwepo pande zote mbili, kila kimoja na parafujo zake. Halafu tazama miisho: visahani vinne vya kupokea mshindo wa mabehewa, taa, na kulabu. Mwisho mgeuze chali, utafute chuma chembamba kinachopapasa katikati ya njia ili kupokea umeme.

Kila tundu tupu lauliza swali: nani alikaa hapa? Lakini usijibu kwa haraka. Kiwanda kilibadili umbo la vipande mwaka hata mwaka, na pengine kipande unachokitafuta hakikuwekwa kamwe. Linganisha na picha ya kitabu cha bei cha mwaka ule ule. Angalia pia rangi: kipande king'aacho kupita ndugu zake huenda kilitiwa juzi.

Mwili nao uchunguzwe. Vichwa vingi vya kale vilisubiwa kwa madini ya zinki. Zinki ile ilipochanganyika na risasi kidogo, baada ya miaka chuma huvimba, hupasuka na kumong'onyoka. Kipande kilichopotea chaweza kupatikana kingine; mwili uliooza hivyo haurudi.

Kutia kipande kipya si kosa. Hata leo wako mafundi wanaoviunda vipande hivyo, na kichezeo cha kale huweza kutembea tena mbele ya wajukuu. Kosa ni kuficha. Muuzaji mwema huandika katika karatasi: hiki ni cha asili, hiki ni kipya, hiki hakipo. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Nasi twaongeza kwamba pasipo daftari hata heshima hupotea.

Bwana wetu alifundisha uaminifu katika mambo madogo. Parafujo ya Mamba huyu ni ndogo kuliko punje ya mchele. Hata hivyo, anayeitaja bila kulazimishwa amelinda haki ya mjane na ya kijana, na usiku atalala usingizi mwema.