Mgeni wa Jiji na Meza Aliyoandaliwa

Somo: Danieli 1:3-16

Leo tunataka kuzungumza juu ya jambo ambalo wengine wataliona dogo mno kuletwa katika kipindi hiki, nalo ni chakula cha mtu anayekwenda kukaa siku chache katika mji mkubwa.

Wengi katika makanisa yetu wameonywa na daktari wapunguze sukari, chumvi na mafuta. Huko nyumbani wanajitahidi, na wameona faida yake. Lakini siku wanapofunga safari kwenda Nairobi, kwa mkutano wa dayosisi, kwa mahafali ya mtoto, ama kumtazama mgonjwa, azimio lile huachwa nyuma pamoja na jembe. Wakirudi baada ya juma moja na kupimwa katika zahanati, sukari imepanda, presha imepanda, na jitihada ya miezi mitatu imeharibika. Basi na tuulize: kwa nini huwa hivyo, na mtu afanyeje ili asirudi nyuma?

Sababu ya kwanza ni safari yenyewe. Basi la kutoka Mombasa husimama Mtito Andei, na la kutoka magharibi husimama Nakuru. Abiria wana dakika chache tu, na kilicho tayari ni chipsi, soseji, mandazi na soda baridi. Sababu ya pili ni kwamba kazi ya mwili hupungua. Shambani mtu hulima, hubeba maji, huenda sokoni kwa miguu. Jijini mgeni huketi ndani ya matatu, huketi mkutanoni, na jioni huketi sebuleni. Chakula kimeongezeka na kazi imepungua. Sababu ya tatu ni ile fikira ya msafiri: “Niko safarini tu, nitaanza tena nikifika nyumbani.” Lakini mwili haujui kwamba uko safarini. Wazee wetu walituonya tusiache mbachao kwa msala upitao.

Sababu ya nne ndiyo nzito kuliko zote, nayo ni upendo. Kijana aliyepata kazi jijini amemngoja mama yake kwa mwaka mzima. Amenunua kuku, ameagiza chipsi, ameweka soda mezani, na chai imetiwa sukari tayari. Mama akisema “sili,” mwanawe ataona amekataliwa yeye, wala si chakula. Kwa hiyo mama anakula ili asimhuzunishe mtoto. Hapo ndipo wengi wetu huanguka, kwa kuona haya mbele ya watu tunaowapenda, wala si kwa ulafi.

Na tueleze kidogo madhara yake, maana mtu hulinda vizuri kitu anachokifahamu. Chupa moja ya soda tamu ya mililita 300 huwa na sukari ipatayo gramu 30 au zaidi kidogo, yaani karibu vijiko vinane vya chai. Shirika la Afya Duniani lilitoa mashauri mwaka 2015 kwamba ni afadhali sukari ya kuongezwa isizidi kama gramu 25 kwa siku kwa mtu mzima, yaani vijiko sita hivi. Maana yake ni kwamba chupa moja imekwisha kupita kipimo cha siku nzima, kabla hatujahesabu chai ya asubuhi. Mtu mzima wa afya ana kongosho ambayo hutoa insulini, na insulini ndiyo inayofungua njia ili sukari itoke katika damu na kuingia mwilini ifanye kazi. Kwa mwenye kisukari njia hiyo imezibika ama ni nyembamba. Sukari hubaki katika damu, na ikikaa humo miaka mingi huharibu macho, figo, moyo, na mishipa ya fahamu ya miguu.

Chumvi nayo ina njia yake. Huvuta maji na kuyazuia mwilini, damu huongezeka wingi ndani ya mishipa, na presha hupanda. Shirika hilo hilo linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, kama kijiko kimoja cha chai. Chakula cha kukaangwa cha mjini, soseji, na mchuzi uliotiwa viungo vya pakiti huweza kumaliza kipimo hicho katika mlo mmoja. Tusidhani ni shida ya watu wachache. Uchunguzi uliofanywa nchini Kenya mwaka 2015 ulionyesha kwamba karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne ana presha ya juu. Hesabu watu wanne katika benchi lako la kanisani, nawe utaelewa.

Tena kuna hatari ya upande wa pili, ambayo mara nyingi husahauliwa. Mtu anayejidunga insulini, au anayemeza baadhi ya vidonge vya kisukari, asikae na njaa baada ya kutumia dawa. Msongamano wa magari jijini waweza kumshika saa mbili, chakula kiko mbali, na sukari ikashuka kupita kiasi. Dalili zake ni kutetemeka, jasho jembamba, moyo kwenda mbio na kuchanganyikiwa. Watu wasiojua huweza kudhani amelewa. Mtu wa namna hiyo apewe upesi vijiko vitatu au vinne vya sukari katika maji, ama nusu chupa ya soda tamu, maadamu ana fahamu na aweza kumeza. Kisha ale chakula. Akiwa amezimia, asitiliwe kitu kinywani, bali apelekwe hospitali mara moja. Basi mwenye kisukari asafiri na kitu kitamu mfukoni kwa ajili ya saa hiyo, na dawa zake awe nazo mkononi, si katika mzigo ulio juu ya basi.

Sasa na tutazame somo letu. Danieli na wenzake watatu walikuwa vijana waliochukuliwa kutoka Yerusalemu wakapelekwa Babeli, jiji kubwa lililokuwa kando ya mto Frati, katika nchi ambayo leo huitwa Iraki. Mfalme Nebukadreza aliwaagizia sehemu ya chakula chake mwenyewe na divai yake, kila siku, kwa miaka mitatu. Sababu ya Danieli kukataa haikuwa kisukari wala presha, bali hakutaka kujitia unajisi. Hata hivyo, njia aliyoifuata inatufundisha mambo manne.

Kwanza, aliazimu moyoni mwake mapema. Hakungoja harufu ya nyama imfikie ndipo aanze kufikiri. Nasi azimio letu tulifanye nyumbani, kabla ya kukata tikiti. Tujiambie kwa maneno dhahiri: “Soda sitakunywa, chai nitakunywa bila sukari, na jioni nitakula mboga.” Azimio lisilo na maneno dhahiri huyeyuka mbele ya sahani.

Pili, aliomba kwa heshima. Hakusukuma meza wala hakumtukana mpishi. Mkuu wa matowashi aliogopa kwamba mfalme angemwadhibu akiona vijana wamekonda, naye Danieli aliuelewa woga huo. Mwenyeji wako naye ana woga wake: anaogopa kuitwa mchoyo. Kwa hiyo mpigie simu siku mbili kabla ya kufika. Mwambie, “Mwanangu, daktari amenipa masharti. Nitafurahi sana ukinipikia sukuma wiki na maharagwe, na chai yangu isitiwe sukari.” Ukimwambia mapema, umempa nafasi ya kukuonyesha upendo. Ukimwambia chakula kikiwa mezani, umemwachia aibu.

Tatu, aliomba muda mfupi. Alisema wajaribiwe kwa siku kumi, wapewe chakula kitokacho katika mbegu za shamba, na maji ya kunywa. Siku kumi zinahesabika. Ziara nyingi za jijini hazifiki hata siku hizo, na mtu akiambiwa “juma hili tu” hukubali kwa urahisi kuliko akiambiwa “daima.” Tena tukumbuke kwamba katika sura ya kumi Danieli anasema alijizuia nyama na divai kwa majuma matatu. Maana yake siku nyingine alikula. Hakuwa adui wa chakula kizuri, nasi hatuwafundishi watu kuogopa nyama ya sherehe. Kipande kimoja pamoja na mboga nyingi, siku ya mahafali, hakijavunja azimio. Kinachovunja ni kugeuza kila siku ya ziara kuwa siku ya mahafali.

Nne, hakuwa peke yake. Walikuwa vijana wanne. Kama mnakwenda watu kadhaa kutoka parishi moja, mmoja aliye na kisukari asiachwe kupigana peke yake. Ketini pamoja, agizeni pamoja. Na waandaaji wa mikutano ya kanisa, tafadhali, maji safi, matunda na chai isiyotiwa sukari viwepo mezani bila mtu kulazimika kuviomba.

Huenda mtu akatuuliza: “Je, Mtume Paulo hakuwaambia Wakorintho kwamba wakialikwa wale kila kitu kilichowekwa mbele yao, bila kuuliza?” Ni kweli, jambo hilo limo katika Waraka wa Kwanza, sura ya kumi. Lakini swali lililokuwa mbele ya Paulo lilikuwa nyama iliyotolewa kwa sanamu, na dhamiri za watu. Hakuwa akimwamuru mgonjwa ale kinachomwumiza. Katika waraka huo huo, sura ya sita, anafundisha kwamba mwili ni hekalu la Roho Mtakatifu. Mgeni anayelinda hekalu hilo kwa upole hamdharau mwenyeji wake.

Labda utasema kwamba jijini hakuna chakula cha kufaa. Sivyo. Jiji hilo linalouza chipsi ndilo linalolishwa na mashamba yetu. Katika soko la Marikiti na la Muthurwa kuna managu, terere, kunde na sukuma wiki. Katika vibanda vingi utapata githeri, ndengu, maharagwe, omena na kabichi, mara nyingi kwa bei ya chini kuliko chipsi na kuku. Githeri isiyotiwa mafuta mengi ni chakula bora, kwa kuwa maharagwe na mahindi mazima huyeyuka polepole tumboni, wala hayapandishi sukari kwa ghafula kama mkate mweupe. Njiani, nunua yai la kuchemsha, ndizi moja, hindi la kuchoma au njugu zisizo na chumvi. Afadhali zaidi, funga nduma au viazi vitamu vilivyochemshwa nyumbani, na chupa ya maji.

Mezani tumia kipimo hiki, maana hakihitaji mizani: nusu ya sahani iwe mboga, robo iwe ugali, wali au chapati, na robo iwe maharagwe, samaki au nyama. Ukiongezwa, pokea mboga. Na kama mahali ni salama, shuka kituo kimoja kabla ya kwako, utembee kwa miguu, ili mwili upate sehemu ya kazi uliyoizoea.

Ndugu msikilizaji, tunayasema haya kwa sababu tumewazika watu ambao wangeweza kuwa nasi, na tumewatembelea wengine waliokatwa mguu. Kwa wengi maradhi hayakuja siku moja, yalijengwa mlo kwa mlo, na milo mingi kati ya hiyo iliandaliwa kwa mapenzi. Kwa hiyo wewe unayesafiri, sema mapema. Nawe unayemkaribisha mzazi wako jijini, usingoje aombe. Muulize, “Mama, daktari alikuambia ule nini?” Swali hilo litamlisha kuliko kuku.

Na tuombe. Ee Bwana, uliyewalinda vijana wanne katika mji wa ugenini, utupe moyo wa kuazimu na ulimi wa upole. Uwabariki wanaotukaribisha, utuwezeshe kurudi nyumbani tukiwa wazima. Amina.