Gofu nayo ina mchangani wake: Kiwanja kidogo kilichomtoa Trevino

HAKUNA mchezaji anayeanzia kwa Mkapa. Kila shabiki wa soka analijua hilo. Mtoto anaanza kwenye kiwanja cha vumbi, mawe mawili ndiyo goli, mpira ni wa makaratasi uliofungwa kamba, na mwenye mpira hatolewi hata akicheza vibaya. Wanaotoboa wanatobolea hapo.

Gofu je? Kwa wengi huo ni mchezo wa mabosi. Kadi ya uanachama, shati lenye kola, kigari cha kuzungukia na nyasi zinazomwagiliwa kuliko shamba la mpunga. Ukipita nje ya uzio unachungulia tu, kisha unaendelea na safari yako.

Lakini gofu nayo ina mchangani wake. Ni vile viwanja vifupi, vingi vikiwa mali ya familia au ya mtu mmoja, ambavyo havina kadi wala masharti ya mavazi. Na mmoja wa mabingwa wakubwa kuwahi kutokea kwenye mchezo huo aliivia huko.

CHUPA YA SODA

Lee Trevino alizaliwa mwaka 1939 mjini Dallas, Texas, nchini Marekani. Alilelewa na mama yake pamoja na babu yake, mzee ambaye kazi yake ilikuwa kuchimba makaburi. Akiwa na miaka 14 aliachana na shule, akaingia mzigoni. Alikuwa kedi, yaani kijana wa kuwabebea matajiri mfuko wa fimbo, na viatu vyao akavipiga rangi.

Mjini humo kulikuwa na jamaa aitwaye Hardy Greenwood. Alikuwa na sehemu ya kufanyia mazoezi ya gofu. Haikuwa klabu. Unalipia ndoo ya mipira, unaipiga mpaka iishe, unaondoka. Trevino alipata kibarua pale, akaenda jeshini kwenye kikosi cha Marine kwa miaka minne, kisha akarudi kwa Greenwood mwanzoni mwa miaka ya 1960. Pale pale palikuwa na uwanja mfupi, ambao Trevino mwenyewe alishiriki kuujenga.

Ni kwenye uwanja huo alipoanza vituko vyake. Alichukua chupa ya soda ya Dr Pepper, akaizungushia plasta ili isipasuke, akawa anaitumia badala ya fimbo. Anaurusha mpira hewani, anauchapa na chupa. Akifika karibu na shimo, anausukuma kama mtu anayecheza pool. Mpinzani anaruhusiwa fimbo zake zote, na dau linawekwa mezani. Wengi waliojileta waliondoka mifuko mitupu.

Mwaka 1968 mtu huyo huyo alitwaa US Open, moja ya mashindano manne makubwa zaidi ya gofu duniani. Alimwacha Jack Nicklaus kwa mikwaju minne, na akawa wa kwanza kwenye historia ya mashindano hayo kupiga chini ya mikwaju 70 katika raundi zote nne. Mwaka 1971, ndani ya wiki nne, alibeba US Open, ubingwa wa Canada na The Open ya Uingereza. Alipofunga hesabu alikuwa na mataji makubwa sita.

GOLI HADI GOLI

Uwanja mfupi ni upi hasa? Uwanja wa kawaida una mashimo 18, na mchezaji mzuri hutarajiwa kuyamaliza kwa mikwaju 72 hivi. Unachukua saa nne na zaidi kuuzunguka, na eneo lake laweza kufika hekta 50. Kwa lugha ya soka, hivyo ni viwanja vya mpira 70, kimoja kando ya kingine.

Uwanja mfupi hauna makuu. Mara nyingi una mashimo tisa, na kila shimo ni la mikwaju mitatu: mmoja wa kuufikisha mpira kwenye bendera, miwili ya kuuingiza. Mashimo mengi umbali wake ni kama kutoka goli hadi goli, mengine kama kutoka goli hadi katikati ya uwanja. Huhitaji nguvu za kuupeleka mpira mita 270. Bibi na mjukuu wanaweza kushindana, na bibi akashinda.

Vile vya familia ndivyo vyenye raha yake. Vingi vilikuwa mashamba kabla ya mtu kupata wazo la kuchimba mashimo na kusimika bendera. Mama anakata tiketi kibarazani, baba yuko juu ya mashine ya kukata nyasi, mtoto anaokota mipira iliyopotea na kuiuza tena kwa bei ya kutupa. Uwanja haukuchorwa na mbunifu wa kimataifa, hivyo kila kitu kimebaki kilipokuwa. Shimo moja liko nyuma ya banda, lingine lina mti katikati ya njia, na mti haukatwi kwa sababu babu ndiye aliyeupanda. Mgeni analalamika siku ya kwanza, siku ya tatu anawafundisha wenzake namna ya kuupita.

Pengine hata wa kukata tiketi hayupo. Kwenye kisiwa cha Harris, kaskazini-magharibi ya Scotland, upo uwanja wa mashimo tisa kando ya bahari. Huo ni wa klabu, si wa familia, lakini roho yake ni ile ile. Wageni wamezoea kuingiza ada yao kwenye kisanduku, bila askari wala kamera, halafu wanacheza.

NAMBA 18 HAIKUSHUKA MBINGUNI

Wapo wanaosema mashimo tisa si gofu. Hao hawajasoma historia. St Andrews, Scotland, panapoitwa nyumbani kwa gofu, kulikuwa na mzunguko wa mashimo 22 hadi mwaka 1764 ulipopunguzwa kuwa 18. The Open ya kwanza kabisa, mwaka 1860, ilichezwa Prestwick kwenye uwanja wa mashimo 12. Wachezaji walikuwa wanane tu, wakauzunguka mara tatu kwa siku moja na biashara ikaisha.

Tiger Woods naye hakuanzia kwenye uwanja wa wakubwa. Akiwa na miaka minne alikuwa anacheza Heartwell, uwanja wa umma huko Long Beach, California, ambao mashimo yake yote 18 ni ya mikwaju mitatu.

Sasa matajiri wenyewe wameshtuka. Pinehurst, moja ya hoteli kubwa za gofu Marekani, ilifungua uwanja wa mashimo tisa uitwao The Cradle mwaka 2017. Mashimo yote tisa kwa pamoja hayafiki mita 750. Mwaka 2021 Pebble Beach ilifungua The Hay, uwanja mfupi uliochorwa na Tiger. Kile kilichodharauliwa miaka yote kama gofu ya wasio na uwezo, leo kinauzwa kama starehe mpya.

NYUMBA ZINALIPA KULIKO NYASI

Tatizo ni kwamba wakati wakubwa wanaiga, wadogo wanazimika. Kuanzia mwaka 2006, kwa zaidi ya miaka kumi mfululizo, viwanja vya gofu vilivyofungwa Marekani vilikuwa vingi kuliko vilivyofunguliwa, na vingi kati ya vilivyokufa ni vile vya bei nafuu. Hesabu yake haina siri. Mji unapanuka, shamba lililokuwa pembeni linajikuta katikati, kodi ya ardhi inapanda. Wazee wanachoka, watoto wamepata kazi za ofisini. Anakuja mwekezaji wa nyumba na hundi mkononi. Tiketi za bei ya soda mbili haziwezi kushindana na hundi hiyo.

Kwa shabiki wa soka wa Dar es Salaam simulizi hiyo si ngeni. Viwanja vya mtaani vilivyotoa wachezaji vimegeuka fremu za maduka na maegesho ya magari. Na kwa gofu ya Tanzania hali ni ngumu zaidi, maana viwanja vyenyewe vinahesabika: Gymkhana na Lugalo jijini Dar es Salaam, Gymkhana za Arusha na Morogoro, TPC kule Moshi na vingine vichache. Wachezaji wengi wa kulipwa nchini walianza kama makedi. Waliingia kwa mlango wa kazi, kwa kuwa mlango wa mtoto anayetaka kujaribu tu haukuwepo.

Mlango huo haudai hekta 50. Hekta sita zinatosha mashimo tisa mafupi, na familia moja yenye mashine ya kukata nyasi inaweza kuyatunza. Watakaopita hapo wengi hawatakuwa kina Trevino, kama ambavyo wengi wa mchangani hawafiki Simba wala Yanga. Watacheza, watacheka, watarudi nyumbani jioni. Lakini huyo mmoja mwenye chupa ya soda na plasta, bila kiwanja cha namna ile angebaki nje ya uzio akichungulia.