Tuwahesabu watoto wadogo bila kuleta ugomvi

Kila mara tunapofika kambini na madaftari yetu, mama mmoja hutuuliza: «Mlituandika mwezi uliopita, leo mnatuandika tena. Watoto wetu walipata nini?» Swali hilo ni la haki. Hesabu isiyomrudia mtoto ni kazi bure. Katika makala hii tunaeleza namna hesabu inavyoweza kuwasaidia watoto wadogo wa familia zilizohama makwao na wa familia zinazowapokea, na namna ya kuizuia isigeuke chanzo cha ugomvi.

Hata sisi tulikosea. Mahali fulani tuliandika «watoto» katika mstari mmoja tu, kuanzia mchanga hadi kijana wa miaka 17. Mikeka na vifaa vya kuchezea vilipofika kwa ajili ya chekechea, hakuna aliyejua watoto wa miaka 3 hadi 5 ni wangapi. Wakubwa walijaa kibandani, wadogo wakabaki nje. Familia wenyeji wa kartye nao walisema watoto wao wamesahauliwa, ingawa wanateswa na njaa ileile. Wiki nzima watu hawakusalimiana vizuri kwenye bomba la maji. Kosa halikuwa la wazazi. Lilikuwa la karatasi yetu.

Kwanza, umri

Mtoto wa miezi 9 anapaswa kupata chanjo yake ya kwanza ya surua. Mtoto wa miaka 3 hadi 5, kwa sheria ya elimu ya Kongo ya mwaka 2014, ni wa chekechea. Mwenye miaka 6 ni wa shule ya msingi. Kwa hiyo kusema «tuna watoto 200» bado si habari kamili. Tuandike makundi matatu: chini ya miaka 3, miaka 3 hadi 5, na miaka 6 kwenda juu. Tuonyeshe pia wavulana na wasichana, na watoto wenye ulemavu, kwani hao mara nyingi hufichwa nyumbani.

Wazazi wengi walipoteza karatasi njiani wakikimbia. Hapo tutumie matukio ambayo kila mtu anayakumbuka. Je, mtoto alizaliwa kabla au baada ya Nyiragongo kulipuka tarehe 22 Mei 2021? Je, ni kabla au baada ya mafuriko ya Bushushu na Nyamukubi, huko Kalehe, mwezi Mei 2023? Mtoto aliyezaliwa siku za volkeno anatimiza miaka 6 mwezi Mei 2027. Mzazi wake anajua mapema kwamba Septemba ya mwaka huo ni zamu yake kuingia darasa la kwanza.

Pili, nani hayupo?

Kuwahesabu waliofika ni rahisi. Faida kubwa iko katika kuwajua wasiofika. Tuseme bloku moja na kartye jirani zina watoto 90 wa miaka 3 hadi 5, lakini wanaofika kwenye kibanda cha michezo ni 35. Kiongozi anaweza kusema haraka: «Wazazi hawajali.» Lakini daftari likionyesha kwamba kati ya wale 55 wasiofika, 40 wanaishi ng'ambo ya barabara kubwa, basi shida ni barabara. Dawa yake ni kibanda kidogo cha pili, au mama wawili wa kuwavusha watoto kila asubuhi. Mkutano wa kuwalaumu wazazi hautasaidia kitu.

Kuna hesabu nyingine isiyongoja ripoti ya mwezi. Mtoto wa miezi 6 hadi 59 akipimwa mkono kwa bendi, na kipimo kikiwa chini ya milimita 115, yaani rangi nyekundu, ana utapiamlo mkali. Apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo. Kumwandika bila kumpeleka ni kumwacha.

Tatu, swali lisiloulizwa

Katika hesabu ya watoto wadogo hatuulizi kabila. Utapiamlo hauna kabila, na surua haichagui nyumba. Orodha yenye kabila ikipotea leo, kesho inaweza kuwa silaha mkononi mwa mtu mwingine. Tunauliza umri, mahali mtoto analala, nani anamlea, na huduma gani anakosa. Maswali hayo yaulizwe kwa familia zilizohama na kwa wenyeji, siku moja, kwa fishi moja. Nyumbakumi wa kartye na kiongozi wa bloku wakitembea pamoja nyumba kwa nyumba, ni vigumu baadaye mmoja kumshtaki mwenzake kwamba alizidisha watu wake.

Jumla zisomwe hadharani: bloku hii watoto kadhaa, kartye ile kadhaa. Anayeona kosa aseme palepale, lisahihishwe mbele ya wote. Lakini majina yasisomwe wala kubandikwa ukutani, hasa ya watoto waliotengana na wazazi wao. Majina yabaki kwenye daftari lililofungiwa, na ijulikane nani anashika ufunguo.

Nne, karatasi iende na mtoto

Mwezi Februari 2025 kambi nyingi zilizozunguka Goma zilivunjwa, na familia zikaondoka kwa haraka. Kambi ikivunjwa, daftari la kambi haliwafuati watoto. Ndiyo maana kila familia iwe na fishi yake ya chanjo na ya kupima kilo, imefungwa ndani ya mfuko wa plastiki. Wanaofika mahali papya wakiwa na fishi hawaanzi upya. Mwuguzi anajua chanjo ipi imebaki.

Vilevile, sheria ya familia iliyorekebishwa mwaka 2016 inataka kuzaliwa kwa mtoto kutangazwe kwa ofisa wa serikali katika siku 90, na kutangaza katika muda huo ni bure. Siku zikipita, njia inabaki ya hukumu ya mahakama ya watoto, nayo ni ndefu zaidi. Mama aliyejifungua aombe cheti cha kuzaliwa kituoni kabla ya kutoka na akitunze.

Tunawaomba viongozi wafanye mambo haya mwezi huu:

– Chagueni watu wawili, mmoja wa waliohama na mmoja wa wenyeji, wahesabu pamoja.
– Andikeni makundi matatu ya umri.
– Ulizeni ni nani hayupo, na kwa sababu gani.
– Someni jumla mbele ya watu, mkifunga majina.
– Baada ya miezi mitatu, rudini mseme ni nini kimebadilika na nini bado.

Hilo la mwisho lisisahauliwe. Shirika likija kuhesabu, nasi tukiwemo, liulizeni litarudi siku gani kutoa jibu, na muiandike siku hiyo. Yule mama aliyetuuliza watoto wake walipata nini ana haki ya kujibiwa kabla hatujafungua tena daftari mbele ya mlango wake.