Saa za tiketi si saa za safari

Msikilizaji mmoja ameniuliza: ikiwa mwendo wa kutoka Nairobi hadi New York ni ule ule, kwa nini ndege huchukua saa 15 kwenda na saa 14 kurudi? Swali ni zuri, na jibu lake litamfaa kila mwenye mzazi anayejiandaa kwenda kuwaona wajukuu ng'ambo.

Tuanze na mwendo. Ni karibu kilomita 11,800 kwa njia iliyo fupi kuliko zote. Ukitazama ramani ya ukutani utadhani njia hiyo hupita Kongo na kuingia Atlantiki. Lakini dunia ni duara. Nyoosha uzi juu ya tufe, nawe utaona unapita Sahara na Moroko. Shirika la Kenya Airways lilianza safari hiyo bila kutua njiani tarehe 28 Oktoba 2018.

Wapo wasemao kwamba dunia huzunguka chini ya ndege, ndiyo maana saa hutofautiana. Sivyo. Hewa huzunguka pamoja na dunia, na ndege imo ndani ya hewa hiyo. Chanzo hasa ni upepo. Juu ya Atlantiki ya Kaskazini, kwenye kimo cha kilomita 10 hivi, kuna mkondo wa upepo mkali uvumao kutoka magharibi kwenda mashariki. Ndege iendayo Marekani hushindana nao. Irudiyo husukumwa nao, kama jahazi lililopata upepo wa nyuma.

Sasa tuiangalie tiketi, maana hapo ndipo wengi hupotea. Tiketi huandikwa saa za kila mji. Mwezi wa Desemba, New York iko nyuma ya Nairobi kwa saa nane. Ukiondoka Nairobi saa sita usiku, ukakaa angani saa 15, utatua huko saa moja asubuhi. Kwa kusoma tiketi, utadhani umesafiri saa saba tu. Ukirudi, ukaondoka New York saa sita mchana, utafika Nairobi kesho yake saa nne asubuhi. Tiketi itaonekana kama ya saa 22, kumbe ni 14. Kuanzia Machi hadi mapema Novemba, Wamarekani husogeza saa zao mbele, na tofauti huwa saa saba.

Hesabu hii si mchezo. Mchukue mama mzee anayemeza dawa kila baada ya saa nane. Amemeza saa sita usiku, ndege inapoondoka. Akingoja mpaka saa mbili asubuhi kwa saa ya New York, zimepita saa 16, na dozi moja imerukwa. Kwa mgonjwa wa kisukari au wa kifafa, hilo laweza kuwa jambo la hatari.

Kwa hiyo nashauri haya. Kabla ya safari, mwulizeni daktari namna ya kupanga dawa. Saa ya mkononi isirudishwe nyuma mpaka ndege itue. Dawa ziwe ndani ya mkoba anaoingia nao, si katika sanduku la mizigo. Tena mwandikieni kwenye karatasi saa halisi atakazokuwa angani, aijue safari yake kabla hajafunga mkanda.