Wajua Kuna Kabila India Linacheza 'Goma'? Pata Stori ya Wasiddi

Kama umekulia Shika Adabu, ngoma huelezewi. Harusi ikiwa Likoni, mtaa mzima unajua. Sasa cheki hii: ng'ambo ya bahari, jimbo la Gujarat huko India, kuna kabila lenye nywele kama zako, na ngoma yao wanaiita goma. Si masihara. Wanaitwa Wasiddi.

WALIFIKAJE HUKO?

Wengi walipelekwa kama watumwa, kutoka Uhabeshi na pwani hii yetu. Wengine walienda wakiwa mabaharia na askari. Na kuna waliopanda mpaka juu. Malik Ambar alizaliwa Uhabeshi mwaka wa 1548, akauzwa mara kadhaa, lakini mwisho yeye ndiye akawa anaendesha usultani wa Ahmadnagar. Aliwasumbua Wamughal mpaka kifo chake 1626. Huyo msee alikuwa noma.

WANAAMINI NINI?

Wasiddi wa Gujarat wengi ni Waislamu. Karnataka utapata Wahindu, Wakristo na Waislamu. Walii wao mkubwa ni Bava Gor. Kaburi lake liko kilimani Ratanpur, na inasemekana alitoka Uhabeshi, akaanzisha biashara ya akiki, yale mawe ya pete. Dadake, Mai Misra, huendewa na akina mama wanaotafuta mtoto. Wahindu na Waparsi pia huja kuomba hapo.

GOMA YENYEWE SASA

Hapa ndipo utajiskia nyumbani. Kuna ngoma kubwa yenye miguu, inaitwa mugarman. Kuna malunga, upinde wa waya mmoja uliofungwa kibuyu. Wachezaji huvaa manyoya ya tausi, hurusha nazi hewani, halafu wanaipasua kwa kichwa! Midundo ikikolea, mtu hupandwa, na wao husema ni walii amemwingia. Kama bibi yako ni Mdigo, muulize kuhusu ngoma za pepo, atakuelewa haraka.

Kiswahili chenyewe kimepotea. Wanaongea Kigujarati, Kikannada na Kikonkani, lakini vipande vya maneno yetu vimebaki kwenye nyimbo. Yaani lugha ilikufa, mdundo ukakataa.

MAISHA SI RAHISI

Wako India mamia ya miaka, na bado Msiddi huulizwa, "Wewe umetoka nchi gani?" Ndiyo maana kutambuliwa rasmi kama kabila ni jambo zito: kunafungua nafasi za masomo na kazi za serikali. Wa Karnataka walitambuliwa 2003 tu. Na mwaka wa 2023, Hirbai Lobi, mama wa Kisiddi kutoka kijiji cha Jambur, alipewa nishani ya Padma Shri kwa kuwainua wanawake wenzake.

NA SISI TUNAHUSIKA VIPI?

Wengine walirudi! Waafrika waliookolewa kutoka majahazi ya watumwa walilelewa Nashik, India, kisha baadhi yao wakaletwa Mombasa na kuanza maisha Frere Town, iliyoanzishwa 1875. Hapo ni Kisauni, kwenye ile kengele iliyoipa Kengeleni jina lake.

Kwa hivyo ukishuka Kengeleni, angalia ile kengele vizuri. Kuna waliovuka bahari mara mbili ndio wafike hapo. Na kuna ndugu zao ambao hawakurudi, wao walibaki na goma.