Nani Ameshika Kipanya?

Nafundisha kompyuta katika shule ya sekondari ya kutwa, kaunti ya Kilifi, wavulana na wasichana pamoja. Mashine ni chache, kwa hiyo wanafunzi hukaa watatu watatu. Ukiwaacha wajipange wenyewe, utaona jambo lile lile kila mwaka: mvulana anakaa katikati na kushika kipanya, msichana wa kushoto anaandika daftarini, wa kulia anatazama. Hakuna aliyewakataza kugusa. Muhula ukiisha, daftari la yule wa kushoto ni safi ajabu, kila hatua imepigiwa mstari kwa wino mwekundu, lakini mwenyewe ukimweka mbele ya kibodi vidole vinaganda.

Dawa yangu ni kengele ndogo, ile ya kaunta ya duka. Ikilia, kila mmoja anahamia kiti cha jirani. Mwanzo wa muhula wavulana hunung'unika sana ("Mwalimu, nilikuwa nakaribia kumaliza!"), kisha huzoea.

Wazazi huniuliza kwa nini wasichana hawapendi teknolojia. Mimi siamini kwamba hawapendi. Ninachoona ni uhaba wa saa. Mvulana akitoka shule hupitia saiba kucheza mpira wa kwenye skrini, na katika kucheza huko hujifunza kuweka programu, kuondoa virusi, kuzima na kuwasha mashine iliyokwama bila kuogopa kwamba ataiharibu. Dada yake saa hiyo yuko kwenye foleni ya maji, na akifika nyumbani kuna sima ya kusonga na mdogo wake wa kuogesha. Akionekana saiba wakati wa magharibi, mtaa mzima utauliza anamfuata nani. Wanapokutana darasani kwangu, mmoja amekwisha kukaa na kompyuta saa nyingi, mwingine hajawahi kuiwasha, nasi walimu tofauti hiyo tunaiita kipaji.

Haya hayakuanzia Kilifi. Nchini Marekani, mwaka 1984, wanawake walikuwa kiasi cha asilimia 37 ya waliohitimu shahada ya kwanza ya sayansi ya kompyuta. Baadaye kiwango hicho kilishuka hadi chini ya asilimia 20. Kompyuta za nyumbani zilikuwa zimeanza kuuzwa, zikitangazwa kama vitu vya wavulana, na mara nyingi ziliishia chumbani mwa mtoto wa kiume. Watafiti Jane Margolis na Allan Fisher waliwahoji wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, mjini Pittsburgh, wakakuta wasichana wengi wamekuja na uzoefu mdogo, na kwamba walijiona wajinga mbele ya vijana waliochezea mashine tangu utotoni. Chuo kikaacha kuwapa kipaumbele waombaji waliokwisha kuandika programu, kikafungua madarasa ya kuanzia ya viwango mbalimbali. Mwaka 1995 wasichana walikuwa asilimia 7 ya walioanza masomo ya kompyuta pale. Mwaka 2000 walikuwa asilimia 42. Katika miaka hiyo mitano haikuzaliwa aina mpya ya wasichana.

Na ukirudi nyuma zaidi, kuna ENIAC, dubwana la kompyuta la Philadelphia lenye vali zipatazo 18,000, lililozinduliwa Februari 1946. Waliolipangia mahesabu ni wanawake sita. Mwanzoni hawakuruhusiwa hata kuingia chumba lilimokuwa. Walipewa michoro ya nyaya wajifunzie humo. Wakaweza. Siku ya uzinduzi hakuna aliyewatambulisha kwa wageni.

Basi nirudi darasani kwangu, kwa mwanafunzi mmoja wa kidato cha tatu. Mama yake huuza mahamri na mbaazi za nazi asubuhi, na nusu ya wateja hula kwa mkopo. Madeni huandikwa kwenye daftari lililolowa mafuta. Msichana akaamua kutengeneza hifadhidata: jedwali moja la wateja, jingine la madeni, na kinachoyaunganisha ni jina la mteja. Akaijaza, akaipeleka nyumbani imechapishwa, akarudi amenuna.

"Mwalimu, kompyuta imechanganya. Mama Asha anadaiwa mara mbili."

"Kompyuta haijachanganya kitu, mwanangu. Kwenu kuna Mama Asha wangapi?"

Walikuwa wawili: mmoja mke wa fundi cherehani, mwingine wa kwenye kona ya msikiti. Mashine haikumjua yeyote kati yao, iliona maneno yale yale tu, ikajumlisha deni. Alikaa kimya kitambo, kisha akauliza kama angeweza kumpa kila mteja namba yake. Hilo ndilo somo ambalo vitabu hulieleza kwa ukurasa mzima, kwamba kila mtu kwenye jedwali awe na alama isiyorudiwa, na watoto hulikariri bila kulielewa. Yeye hatalisahau, maana Mama Asha wa msikitini alikuja kugombana.

Wasichana watano wa shule ya Kisumu Girls nao walianzia kwenye shida waliyoijua. Mwaka 2017 walitengeneza programu ya simu, i-Cut, ya kumsaidia msichana anayetishiwa kukeketwa kuomba msaada na kutoa taarifa. Iliwafikisha California kwenye mashindano ya Technovation, na mwaka 2019 walikuwa miongoni mwa waliofika hatua ya mwisho ya Tuzo ya Sakharov ya Bunge la Ulaya.

Lakini kazi ninayoihusudu zaidi ni ya shirika la AkiraChix, lililoanzishwa Nairobi mwaka 2010 na wanawake wenye taaluma ya kompyuta. Mmoja wao, Angela Oduor Lungati, alikuja kuwa mkurugenzi mtendaji wa Ushahidi, jukwaa lililozaliwa katika ghasia za uchaguzi za mwaka 2008. AkiraChix huwachukua wasichana wa familia zisizojiweza, huwafundisha kompyuta kwa mwaka mzima, na huwapa mahali pa kulala. Mtu anaweza kuona malazi ni jambo la pembeni. Kwangu ndiyo kiini cha mpango, kwa kuwa msichana anayelala bwenini hana foleni ya maji inayomngoja jioni.

Muhula huu shirika moja limeniandikia, linataka kutuletea semina ya siku moja: mgeni mashuhuri, fulana za waridi, vyeti, picha. Nimejibu kwamba wanakaribishwa. Msichana kumwona mhandisi wa kike kwa macho yake si jambo dogo. Ila nimeomba fedha za fulana zimlipe mlinzi abaki na ufunguo wa maabara Jumamosi hadi adhuhuri, na zilipie nauli ya wasichana wanaotoka mbali. Wamesema watalifikisha ombi langu kwenye bodi. Wameuliza pia niwatumie saizi za fulana.