Laptopu ya Kikundi Imezeeka: Tuitupe, au Tuiwekee Mfumo Mpya?



Vikundi vingi vya kujisaidia siku hizi vinaweka hesabu zao katika kompyuta. Mara nyingi ni laptopu moja tu, iliyonunuliwa kwa michango, nayo hukaa kwa katibu au kwa mweka hazina. Nyingi ni zile zinazoitwa "ex-UK", yaani zilitumika ng'ambo kisha zikaletwa kuuzwa huku kwetu. Baadhi zina skrini ya kugusa kama ile ya simu. Sasa wenye laptopu hizo wanasikia maneno mengi: ati Windows 10 imekufa, ati mashine haifai tena, ati hapana budi kununua mpya. Katika makala hii tunataka kulieleza jambo hili polepole, ili kila kikundi kiamue chenyewe bila kutiwa hofu.

Tuchukue mfano. Tuseme kuna kikundi cha akina mama 20 pale Ndia Kuu, ile barabara ya Mji wa Kale wa Mombasa inayoanzia karibu na Fort Jesus. Wanauza leso, vikapu na viungo kwa wageni. Laptopu yao ni ya mwaka 2016. Ndani yake mna hesabu ya akiba na mikopo, namba za vitambulisho vya wanachama, na picha za bidhaa. Ile skrini ya kugusa inawafaa sana, maana baadhi yao hawakuzoea kuchapa. Mgeni akija, mama hupitisha picha kwa kidole tu. Sasa fundi mmoja amewaambia atawawekea mfumo mpya kwa malipo. Mwingine amewaambia waitupe. Wafanye nini? Tutumie ile njia tuliyoizoea vikundini: tuone, tuamue, tutende.

TUONE: NI NINI HASA KILICHOTOKEA?

Kompyuta ina mwili na ina programu. Programu iliyo kubwa kuliko zote ni mfumo endeshi. Huo ndio msimamizi: ndio unaoamsha skrini, unaohifadhi mafaili, na unaoziruhusu programu nyingine kufanya kazi. Windows ni mfumo endeshi. Windows 8, iliyotoka Oktoba 2012, ilitengenezwa hasa kwa ajili ya kidole, na ndiyo maana laptopu nyingi za miaka iliyofuata zina skrini ya kugusa. Windows 10 ilitoka Julai 2015, na Windows 11 ikatoka Oktoba 2021.

Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft iliacha kutoa marekebisho ya bure ya usalama kwa Windows 10. Hayo ndiyo yaliyotokea, si zaidi. Mashine haikufa. Iliyowaka jana itawaka na kesho. Lakini wezi wa mitandaoni hutafuta matundu mapya kila siku, na asiyepata marekebisho matundu yake hayazibwi. Ni kama nyumba ambayo fundi wa makufuli ameacha kuja. Mlango bado unafungwa, lakini kufuli likiharibika hakuna wa kulitengeneza. Kwa kikundi kinachofungua akaunti ya benki au eCitizen katika laptopu hiyo, hilo si jambo la kupuuza. Tena namba za vitambulisho ni siri za watu, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 inamtaka anayezishika azilinde.

DAFTARI KWANZA, MASHINE BAADAYE

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Kabla ya fundi yeyote kugusa laptopu, toeni nakala ya kila kitu. Mashine ikiharibika, nyingine hununuliwa. Hesabu ya miaka sita ikipotea, wanachama watagombana, na kikundi chaweza kuvunjika.

Nakala ziwe mbili, zikae mahali pawili. Moja iwe katika flashi inayokaa kwa mweka hazina, na nyingine katika diski ya nje au flashi inayokaa kwa mwenyekiti. Kisha zifungueni katika kompyuta nyingine, mhakikishe hesabu zinasomeka. Nakala isiyojaribiwa si nakala. Jedwali la akiba na mikopo lichapisheni kwenye karatasi, litiwe sahihi na viongozi watatu.

TUONE: HALI YA MASHINE YETU

Anzeni na mwili. Sisi wa pwani tuna joto, unyevu na hewa ya chumvi inayokula vyuma. Iwekeni laptopu juu ya meza iliyo sawa. Ikiwa inayumba, au kifuniko cha chini kimeinuka, huenda betri imevimba. Hapo simamisheni kazi yote. Betri iliyovimba yaweza kushika moto. Msiitoboe wala msiikandamize, mpelekeeni fundi aibadilishe. Skrini inayojigusa yenyewe, ikifungua vitu bila kidole, mara nyingi ina uchafu, unyevu, waya mbovu au betri iliyovimba inayoisukuma. Mfumo mpya hautaiponya skrini hiyo. Msilipe pesa za programu kwa ugonjwa wa mwili.

Kisha tazameni namba. Fungueni Settings, halafu System, halafu About. Hapo someni mambo matatu:

1. Prosesa. Mtaona kitu kama i5-6300U au i5-8250U. Tarakimu ya kwanza baada ya kistari ndiyo kizazi chake: ya kwanza ni kizazi cha 6, ya pili ni cha 8. Kwa prosesa za Intel, Windows 11 huanza kukubali kizazi cha 8, isipokuwa chache tu za kizazi cha 7.

2. Memori, yaani RAM. Windows 11 inataka gigabaiti 4 kwa uchache, na nafasi ya gigabaiti 64 katika diski. Kwa kusema kweli, gigabaiti 4 ni kama kula bila kushiba. Yafaa iwe 8.

3. Mstari wa Pen and touch. Ukisema kuna vidole 10, au idadi nyingine, basi mfumo unaiona skrini ya kugusa. Ukisema hakuna, tatizo liko tayari kabla hamjaanza. Andikeni hilo, ili baadaye msimlaumu fundi bure.

Windows 11 pia inataka chipu ya usalama iitwayo TPM, toleo la 2.0. Hamna haja ya kuitafuta wenyewe. Microsoft inatoa bure programu ndogo inayoitwa PC Health Check, nayo itawajibu kama mashine inakubalika au haikubaliki, na kwa sababu gani.

TUAMUE: NJIA TATU

Njia ya kwanza: mashine inakubalika. Wekeni Windows 11. Kwa mwenye Windows 10 halali, leseni ni ya bure. Mtu akiwatoza pesa za leseni, muulizeni vizuri. Malipo ya haki ni ya kazi yake na ya intaneti tu.

Njia ya pili: mashine haikubaliki, nanyi mnahitaji muda wa kuchanga. Microsoft ilitoa nafasi ya marekebisho ya nyongeza kwa Windows 10 hadi tarehe 13 Oktoba 2026. Masharti ni kwamba mashine iwe na toleo la 22H2, na kuna njia ya kujiandikisha bila kulipa, kwa kuingia na akaunti ya Microsoft na kuruhusu mipangilio ya mashine ihifadhiwe huko. Asiyetaka hivyo hulipa dola 30 za Marekani. Kumbukeni kwamba huu ni muda wa kujipanga, si dawa ya kudumu.

Njia ya tatu: mashine haikubaliki, lakini mwili wake ni mzima. Wekeni mfumo wa bure wa jamii ya Linux. Mmojawapo ni Ubuntu, ulioanzishwa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini. Neno lenyewe lina maana ya utu. Toleo la 24.04 lilitoka Aprili 2024, na marekebisho yake ya kawaida yaliahidiwa kwa miaka 5. Ndani yake mna LibreOffice ya kuandikia barua na kufanyia hesabu, inayofungua mafaili mengi ya Excel. Wala programu za aina hii si ngeni kwetu: OpenOffice, iliyoizaa LibreOffice, ilitafsiriwa kwa Kiswahili katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ikatolewa mwaka 2004 kwa jina la Jambo OpenOffice. Lakini fomu nyingine za Excel zenye makro zaweza kukataa humo. Zijaribuni zile mnazozitumia kabla ya kuamua.

Uzuri wa njia hii ni kwamba mnaweza kuonja kabla ya kununua. Ubuntu huwaka kutoka kwenye flashi bila kugusa diski yenu. Chomekeni flashi, washeni mashine mkibonyeza kibonye cha kuchagua (katika HP nyingi ni F9, katika Dell na Lenovo nyingi ni F12), kisha chagueni kujaribu, msichague kusakinisha. Sasa guseni skrini kwa kidole. Jaribuni sauti, intaneti na kamera. Yote yakiitika, mna jibu. Kidole kikikataa, zimeni, chomoeni flashi, na Windows yenu iko pale pale.

Wapo mafundi watakaowaambia kwamba wanaweza kuilazimisha Windows 11 iingie katika mashine isiyokubalika. Ni kweli inawezekana, lakini Microsoft haiahidi kuipa mashine hiyo marekebisho. Mtakuwa mmelipa ili mrudi mlipokuwa. Na yule anayeleta programu ya kuvunja leseni mkataeni kabisa. Programu za namna hiyo mara nyingi huficha virusi vya kuiba maneno ya siri.

TUTENDE: SIKU YA KAZI

Chagueni siku isiyo ya mkutano wala ya mikopo, na mahali penye umeme wa kutegemewa. Betri ijae, na waya uwe umechomekwa. Umeme ukikatika katikati ya kazi huku betri imekufa, mfumo waweza kuharibika.

Mfumo mpya ni mzito kupakua. Unakula gigabaiti kadhaa. Hapa ndipo umoja unapokuwa nguvu. Kikundi kimoja kikipakua Windows 11 au Ubuntu kwenye flashi ya gigabaiti 8 au zaidi, vikundi jirani vyaweza kutumia flashi hiyo hiyo, kila mashine ya Windows ikitumia leseni yake. Hata vikundi vya vijijini, ambako bando ni ghali na mtandao ni wa kusuasua, vyaweza kumtuma mtu mmoja mjini kwa niaba ya wote. Pakueni kutoka kwa wenyewe, Microsoft au Ubuntu, si kwa watu msiowajua.

Mkiweka Windows 11, chagueni kubakiza mafaili na programu. Akaunti iwe kwa barua pepe ya kikundi, si ya fundi, wala si ya katibu binafsi. Katibu akihama au mkikosana, mashine isihame naye. Neno la siri na ufunguo wa kufungulia diski viandikwe katika karatasi, vitiwe katika bahasha, vihifadhiwe na cheti cha kikundi. Na kama Windows 11 haikuwapendeza, mna siku 10 za kurudi Windows 10 kupitia Settings. Kwa hiyo katika siku hizo jaribuni kila kitu.

KIDOLE KIKIKATAA BAADA YA MFUMO MPYA

Msihofu. Skrini ya kugusa huongozwa na programu ndogo inayoitwa draiva. Pengine mfumo mpya umekuja bila draiva inayofaa. Kwanza zimeni mashine kabisa, muiwashe tena. Pili, ruhusuni marekebisho yote yaingie. Tatu, ingieni katika tovuti ya aliyetengeneza mashine, mtafute draiva kwa jina kamili la modeli, lililoandikwa chini ya laptopu. Ikishindikana, tumieni ile flashi ya Ubuntu kupima. Kidole kikifanya kazi humo, ugonjwa uko katika draiva. Kikikataa na humo, na hapo awali kilikuwa kinafanya kazi humo humo, basi huenda ni waya au kioo. Hapo kikundi kijiulize kama gharama ya kioo inastahili, au panya wa kawaida wa kompyuta atatosha.

Na ikiwa mashine haina tena la kufanyika, msiitupe jalalani wala msiichome moto. Ina metali za sumu. Itoeni diski kwanza, maana ndiyo yenye siri za wanachama, kisha mipelekeeni wanaokusanya taka za umeme.

MASWALI YA KUJADILIANA KIKUNDINI

1. Laptopu yetu ikiibiwa usiku wa leo, ni nani anayejua kila mwanachama ana akiba kiasi gani?
2. Nakala zetu ziko wapi, na mara ya mwisho zilifunguliwa lini?
3. Ni nani wanaojua neno la siri? Je, ni mmoja tu?
4. Mashine yetu iko katika njia ipi kati ya hizi tatu?
5. Ni vikundi gani jirani tunavyoweza kushirikiana navyo flashi, bando na fundi?

Jibuni haya katika mkutano, mwandike majibu katika kumbukumbu, ndipo mmwite fundi. Aje afanye mliyoamua ninyi, maana mashine ni yenu na hesabu ni zenu.